Fidia ya Wavuvi wa Lamu: Hesabu Iliyoruka Mazalia

Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilitoa uamuzi uliokuwa ukisubiriwa Amu, yaani mji wa Lamu, na visiwani tangu 2012. Majaji walisema ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, pale Kililana kwenye Ghuba ya Manda, ulikiuka haki za wakazi: haki ya mazingira safi na yenye afya, haki ya kupewa habari, haki ya kushirikishwa, na haki ya utamaduni wao, ambao uvuvi wa jadi ni sehemu yake. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuliwa walipwe shilingi 1,760,424,000. Kwa watu waliozoea kuambiwa kwamba maendeleo hayana budi na wao wakae kimya, hilo halikuwa jambo dogo.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama kisa cha sheria, na mawakili wana haki ya kujivunia. Mimi nataka kukitazama kutoka majini. Fidia ile ilipigwa kwa vichwa vya wavuvi, nao waliistahili. Lakini kilichoumia kwanza pale Manda ni mahali samaki wanapozaliwa na kulelewa, na huko pesa hazikufika. Ukiuchambua mkasa wote kwa jicho hilo, mambo mengi yanayosemwa juu ya bioanuwai (wingi wa aina za viumbe) kwenye semina, ambayo aghalabu huwa hewani tu, yanapata mahali pa kusimama.

Kilichokuwa pale kabla ya gati

Mhandisi akiitazama Ghuba ya Manda kwenye ramani huona maji matulivu yaliyokingwa: kisiwa cha Manda huku, Pate kule, bara kwa nyuma. Ndiyo maana bandari ikawekwa pale. Samaki nao wako pale kwa sababu hiyo hiyo, na mvuvi amewafuata kwa sababu hiyo hiyo. Mgogoro wote umezaliwa hapo, kwamba watu watatu wenye haja tofauti walipenda maji yale yale kwa sifa ile ile.

Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi hadi karibu Septemba, nje ya mwamba hapaendeki kwa dau wala kwa mashua ndogo. Mvuvi wa Lamu hujifungia ndani: kwenye mkondo wa Mkanda kati ya Manda na bara, kandokando ya makoko, kwenye maeneo yenye nyasi za baharini. Kaskazi likirudi ndipo hutoka nje kuwafuata nguru na kolekole. Kwa hiyo mtu anaposema "si wavue kwingine, bahari ni kubwa," huwa anazungumzia bahari ya miezi mitano na kusahau ile miezi mingine ambayo watoto pia hula.

Chukua lema. Hili ni dema la kusukwa kwa fito na ubale wa mwanzi, matundu yake yana pembe sita, na mdomo wake umepindwa kuelekea ndani ili aliyeingia asione njia ya kutoka. Ndani hutiwa chambo cha mwani uliopondwa, konokono wa kwenye koko, pengine kaa aliyevunjwa. Mvuvi hulilaza juu ya nyasi, akalibana kwa mawe, akaliacha, akarudi kulizuru maji yakiwa yamekupwa vya kutosha. Anayekuja kwanza ni tafi, mla nyasi. Halafu changu, pono, na chewa mdogo aliyekuja kuwafuata hao. Mvuvi wa malema hamkimbizi samaki. Yeye anajua samaki hupita wapi maji yakijaa na wapi yakitoka, eneo lipi lina tafi wakubwa na lipi ni la watoto tu lisiguswe. Ujuzi huo umefungwa mahali. Ukimpa mtu huyu mashua ya mashine na GPS, umempa kitu cha maana, lakini hukumrudishia kile.

Sasa nenda kwenye makoko yenyewe. Lamu ina hekta zipatazo 37,350 za mikoko, takriban asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya. Nchi nzima ina aina tisa za miti hii, na watu wa huku huijua kwa majina na kazi. Kuna mkoko na mkandaa, ambao ndio wengi zaidi, kisha mui, mchu, mlilana, mkomafi na wenzao. Nyumba za mawe za Amu zimeezekwa kwa boriti zake. Fito, pau na mazio vilipimwa kwa korja na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni hadi serikali ilipozuia usafirishaji nje mwaka 1982. Mtu wa pwani akisikia "msitu", picha ya kwanza kichwani mwake huenda ndiyo hii, mizizi iliyosimama juu ya tope.

Maji ya bamvua, yale makubwa kupita siku nyingine, yakijaa, angalia kati ya mizizi ya mkoko. Utaona visamaki vya urefu wa kidole cha mwisho, vimejipanga kwenye kivuli, vikigeuka vyote kwa pamoja mkono wako ukipita juu ya maji. Humo mna watoto wa changu, wa tembo, wa mkizi. Kamba wadogo wako chini, wamo topeni. Jani la mkoko likianguka, kaa hulivuta shimoni na kulila. Kinachobaki huozeshwa na vijidudu, na vijidudu huliwa na viumbe vidogo ambavyo ndivyo chakula cha watoto hawa. Shimo la kaa nalo hupitisha hewa na maji ndani ya tope, mti ukapumua. Samaki hukua akitoka humo taratibu jinsi mtoto wa nyumba ya Kiamu anavyotoka ndani, akafika msanani, mwishowe akaruhusiwa kukaa dakani na wakubwa: kutoka kwenye mizizi huenda kwenye nyasi, kutoka kwenye nyasi huenda kwenye matumbawe. Ukibomoa chumba kimoja cha kati, vyumba viwili vilivyobaki havitoshi.

Hapa ndipo neno bioanuwai linapata uzito. Watu wengi hulielewa kama orodha ndefu ya wanyama wa kupendeza, na Lamu ina wa kutosha: kasa aina tano wanafika maji ya Kenya, na watatu kati yao hutaga kwenye fuo zetu, nguva, ambao wamebaki wachache mno, bado huhusishwa na nyasi za upande huu wa kaskazini. Lakini orodha peke yake haivuni samaki. Kinachovuna ni kwamba kila mmoja ana kazi yake. Pono na tafi hukwangua mwani juu ya mwamba, na matumbawe machanga yakapata mahali pa kushika. Kasa hula nyasi, zikachipua mpya. Kikande, yule samaki mwenye meno ambaye wavuvi wengi humdharau, huwala wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaomchoma mtu mguu mwambani. Utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba kikande akivuliwa sana, wenye miiba huzaliana kupita kiasi, wakala nyasi na kuutafuna mwamba wenyewe. Samaki mmoja asiye na bei sokoni ameondoka, na hasara imemfikia mvuvi wa tafi ambaye hakuwahi hata kumwuza. Kwa nini kikande hatajwi kwenye fidia? Kwa sababu hana tajiri.

Kilichofanywa

Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, marais Mwai Kibaki na Salva Kiir wakiwepo pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi. Mpango ulikuwa bandari, reli, bomba la mafuta na barabara kwenda Sudan Kusini na Ethiopia. Mkataba wa gati tatu za kwanza ulipewa China Communications Construction Company mwaka 2014, na gati ya kwanza ikafunguliwa rasmi tarehe 20 Mei 2021. Njia ya meli ilichimbwa kufikia kina cha mita 17.5.

Kuchimba maana yake nini? Mashine huikwangua au kuinyonya sakafu ya bahari na kuihamisha. Mahali penyewe panapochimbwa pamekwisha, hilo halina mjadala. Tatizo kubwa ni lile wingu la tope linalobaki likielea. Nyasi za baharini ni mimea, zinahitaji jua. Matumbawe nayo hubeba ndani yake vimea vidogo mno vinavyopika chakula kwa mwanga, na vimea hivyo vikikosa jua, tumbawe hufa njaa. Juu ya hapo tope hutua likayafunika. Na huku kwetu maji hayakai, kwa kuwa siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3, hivyo tope la Kililana halikai Kililana, hupanda na kushuka kwenye mikondo mara mbili kwa siku, likaingia mahali ambapo hakuna mashine iliyowahi kufika. Anayechora mpaka wa athari kwa kuzungushia bandari duara, hajawahi kungoja maji.

Tena kulikuwa na makoko yaliyokatwa kupisha ujenzi. Hapa lazima niseme jambo ambalo Lamu huwachoma watu hadi leo. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma nchi nzima, na wakataji boriti wa Lamu, ambao wamekuwa wakikata kwa kuchagua vizazi na vizazi, wakajikuta hawana kazi. Marufuku ile ilikuwa na nia njema, misitu ya bara ilikuwa imeharibiwa vibaya. Lakini jaribu kumweleza mkataji wa Pate au Ndau kwamba shoka lake ndilo hatari kwa mikoko, huku akiona kilichopita Kililana. Sheria ya uhifadhi inayombana mwenye shoka na kumpisha mwenye tingatinga huharibu zaidi ya miti. Inawafanya watu waichukie hata ile sehemu ya sheria iliyo ya haki.

Haitakuwa uchambuzi wa kweli tukiitwisha bandari kila mzigo. Samaki wa Lamu walikuwa na shida kabla. Mwaka 1998 joto la bahari liliyababua matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, na miamba ya Kenya ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai. Juya za matundu madogo, zinazoburutwa juu ya nyasi na kuzoa hadi watoto, ni zetu wenyewe. Hakuna Mchina aliyetuletea tabia hiyo. Bunduki za kuchomea samaki zipo. Meli za nyavu kubwa za kuburuta kamba zimelalamikiwa kwa miaka mingi. Kwa kipindi kirefu pia uvuvi wa usiku ulizuiwa kwa sababu za usalama, na mvuvi aliyepoteza usiku wake hakuweza kusema ni kiasi gani cha hasara kimetoka kwa askari na kiasi gani kwa tope. Ghuba iliyochoka hivyo ndiyo iliyoletewa mashine. Mgonjwa hapigwi teke, lakini akipigwa, mpigaji hawezi kujitetea kwamba alikuta anaumwa.

Mahakamani

Wakazi na wavuvi waliungana chini ya mwavuli wa Save Lamu na wenzao, wakafungua kesi ya kikatiba mwaka 2012. Walitegemea Katiba ya 2010, hasa kifungu cha 42 kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinachomruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Hicho cha pili ndicho kilichofungua mlango. Zamani ungeulizwa, wewe umepungukiwa nini? Nani atathibitisha kilo zake alizozikosa?

Serikali ilikuwa na hoja zake, na si zote za kubeza. Bandari huleta kazi, barabara, umeme. Kaunti ambayo ilisahauliwa kwa miongo ilikuwa inapewa kitu. Watu wa Lamu wenyewe hawakuwa wameikataa bandari kwa kauli moja, na mpaka sasa utasikia kijana wa miji ya Hindi au Mokowe, upande wa bara, akiitetea kwa nguvu. Walichokataa walalamikaji ni namna: kazi kuanza kabla ya habari, habari kuja kwa Kiingereza cha wahandisi, na mkutano wa hadhara kuitwa ushirikishwaji kwa sababu tu watu walitia saini na kunywa soda.

Mahakama ilikubaliana nao katika mengi. Ilisema habari za mradi mkubwa namna hii serikali inatakiwa izitoe yenyewe, si mpaka iombwe. Iliukubali uvuvi wa jadi kuwa utamaduni unaolindwa na Katiba, jambo ambalo nadhani ndilo la thamani kuliko pesa zote. Leseni ya mazingira ikarudishwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iangaliwe upya. Halafu ikaja fidia.

Pesa zile

Gawa 1,760,424,000 kwa 4,600. Unapata takriban shilingi 382,700 kwa mvuvi, mara moja. Baada ya uamuzi, Halmashauri ya Bandari ilikwenda rufani, kisha pande zote zikakubaliana nje ya mahakama: asilimia 65 pesa taslimu, asilimia 35 mashua, vifaa na mambo ya aina hiyo. Malipo yakacheleweshwa miaka. Wapo wazee walioingia kwenye orodha na hawakuishi kuona chochote.

Swali la kwanza ni nani aliingia orodhani. Mvuvi alitambuliwa kupitia BMU, kamati za usimamizi wa fuo: ana kadi, anajulikana na mwenyekiti, jina lipo. Sawa. Lakini uvuvi wa Lamu si mwanamume aliye chomboni peke yake. Mama karanga anayenunua tafi asubuhi, akawapaka chumvi na bizari na kuwakaanga, akauza jioni mlangoni kwake, riziki yake imo katika samaki yule yule. Kina mama wanaotoka maji yakikupwa kutafuta pweza, kombe na kaa, hao ni wavuvi hasa, ila hawaitwi hivyo kwa kuwa hawapandi chombo. Msukaji wa malema. Fundi wa mashua. Mchuuzi wa baiskeli. Kila mlolongo wa fidia hukata mahali fulani, naelewa, lakini ulikatwa pale pale ambapo hukatwa daima: mwanamke akiwa upande wa nje.

Swali la pili ni gumu zaidi. Ile asilimia 35 ya mashua na vifaa ina nadharia ndani yake, kwamba mvuvi akipata chombo kikubwa atatoka nje ya mwamba, na ya ndani yataachwa. Nadharia hii siipuuzi. Bahari ya kaskazini mwa Kenya ina utajiri wa kweli. Huko nje mkondo wa Afrika Mashariki unakutana na ule wa Somalia, maji ya chini yenye rutuba yanapanda, na jodari na nguru wanaofuata chakula hicho hawakuzaliwa kwenye makoko ya Manda. Wavuvi wakienda huko, hata tafi na changu wa ndani watapumua. Kama mpango ungekuwa na mafunzo, mafuta yanayolipika, barafu, na mnunuzi anayengoja ufuoni, ungesaidia.

Lakini angalia kinachoruka. Kamba, kaa wa koko, tafi, changu, pweza: hawa ndio samaki wa mvuvi asiye na mtaji, wa mwezi wa Juni, wa kijana aliyeacha shule, wa bibi anayetoka na ndoo. Hakuna mashua itakayowarudisha kama nyasi zimefunikwa. Boti la mashine huvuta tajiri, yaani mwenye pesa za mafuta na nyavu, ambaye hudai samaki kwa bei yake mpaka deni liishe, na deni haliishi. Mvuvi wa lema alikuwa mtu huru kwa kiasi chake. Ndiye tunayemgeuza baharia wa chombo cha mtu. Ukimwuliza, "Baba, hii mashua ya fidia ni yako?" atakwambia ni ya kikundi, na kwenye kikundi kuna watu thelathini.

Na bahari yenyewe haikulipwa. Hapo ndipo fidia ya vichwa inaposhindwa hata ikitolewa kwa uaminifu. Inamlipa aliyekuwepo siku ya kuhesabiwa. Mtoto aliyezaliwa Kizingitini mwaka 2019 atavua, akipenda, kwenye ghuba ambayo hasara yake imeshalipwa kwa watu wengine na kuliwa. Simlaumu aliyekula; nyumba ilikuwa inavuja, karo inadaiwa. Nauliza tu kwa nini hakukuwa na fungu la pili, la kurudisha nyasi, makoko na mwamba, lenye kutolewa kila mwaka kwa muda wote meli zitakapokuwa zikipita.

Visiwani wanafanya nini

Wakati mawakili wakivutana, watu wa Pate walikuwa na shughuli zao. Vikundi vya jamii pale vimekuwa vikifunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa, pweza asiguswe, kisha vinafungua. Pweza hukua upesi ajabu, hivyo anayeachwa miezi michache hurudi na uzito wa kueleweka, na kina mama ndio wa kwanza kuona faida. Mwanzoni kulikuwa na manung'uniko, kama unavyoweza kufikiri: unamwambia mwenye njaa mwamba umefungwa? Kinachowanyamazisha wanung'unikaji ni siku ya kufungua, pweza akiwa kwenye mizani.

Mtangawanda, kisiwani humo humo, kina mama wamepanda na kuyarudisha makoko yaliyokwisha. Hapa nina neno la tahadhari kwa wafadhili wapendao picha za watu wakipanda mikoko. Mche wa mkoko ni rahisi kuuchomeka. Unaokota tunda refu lililoanguka na kulisimamisha kwenye tope. Kwa hiyo kila mahali hupandwa mkoko, safu kwa safu, hata pale palipokuwa pa mchu au mlilana, hata juu ya nyasi za baharini ambapo hapakuwahi kuwa na mti. Nyingi hufa. Zinazobaki ni shamba la mti mmoja. Msitu wa koko una mpangilio wake kutoka majini hadi nchi kavu, kila mti na kiwango chake cha chumvi na cha kufunikwa, na viumbe wake. Kazi ya maana mara nyingi ni kufungua mkondo wa maji uliozibwa na kuacha mbegu zijiotee zenyewe. Haipigiki picha nzuri.

Mambo haya mawili, mwamba uliofungwa na makoko yaliyorudishwa, yanagusa mazalia moja kwa moja, kile ambacho bilioni 1.76 hazikukigusa. Nayo yamefanywa kwa pesa kidogo na watu ambao wengi wao hawamo kwenye orodha ya fidia.

Gati zilizobaki

Mpango mzima wa bandari ni gati 23. Zilizojengwa ni tatu. Kesi ile kwa hiyo haijafungwa, hata kama malipo yakimalizika kesho, kwa sababu kila gati mpya itakuja na mashine zake na tope lake.

Kabla ya ya nne kuna mambo ya kudai, na yanaweza kudaiwa kwa kutumia uamuzi ule ule wa Malindi. Ramani ya nyasi, makoko na miamba ya ghuba ichorwe pamoja na wavuvi wa malema na kina mama wa pweza, si na mshauri aliyeshuka kwenye ndege Manda asubuhi na kuondoka jioni. Uchimbaji uzuiwe siku za bamvua, tope linaposambaa mbali zaidi, na upunguzwe kusi linapovuma, wakati wavuvi wote wamo ndani. Maji yapimwe uchafu wake kila siku na matokeo yabandikwe ufuoni kwa Kiswahili, ili nahodha wa Faza au Matondoni asome mwenyewe. Sehemu ya ada ya kila meli inayotia nanga iingie kwenye mfuko wa ghuba, unaosimamiwa na watu wa ghuba, wanawake wakiwemo kwa idadi inayoonekana. Na uvuvi wa juya ukomeshwe na sisi wenyewe, kwa sababu hatutasimama mbele ya jaji kumlaumu mtu kwa kufunika watoto wa samaki huku wengine wetu tunawazoa kwa wavu.

Hilo la mwisho litakuwa gumu kuliko kuishtaki serikali. Wenye juya ni binamu zetu, na mwenyekiti wa BMU naye anataka kura zao.